Bado

Mhadhiri alisema, kule chuoni kilimani,
upepo ukigongesha madirisha:
Mfaransa mmoja kamzika mwandishi.
Andiko likitoka mkononi ni la msomaji.
Nikapiga mstari chini yake, mara mbili.

Likizo nikarudi Hombolo.
Baba ameshatimiza arobaini,
na daftari lake la zabibu limenata utamu:
*Chilewa. Kreti sita. Bado.*

Bado nini? Chilewa akavaa miwani,
akasoma polepole, kama anayeonja:
"Bado hajanilipa. Ndivyo alivyoandika."
Mimi nasoma: bado hajalipa.
Herufi nne tu,
na aliyejua maana yake yuko chini ya udongo,
hajibu.

Mama, asiyejua a wala be,
akalichukua daftari, akalinusa,
akapapasa ile b, tumbo lake lilipotoboa karatasi.
"Hapa alikuwa na hasira," akasema.
"Mdaiwa hakandamizi kalamu hivi."

Chilewa akavua miwani.

Nitamwambia nini mhadhiri?
Kwamba kuzika tulizika, koleo nilishika mwenyewe;
ila huo mkono wake,
bado.