Fuma, Fumua

Machi, na bustani yangu bado iko chini ya theluji.
Kinachochungulia ni fito ya njegere ya mwaka jana,
imeinama kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

Dirishani, miche sitini ya nyanya
kwenye vikopo vya mtindi.
Kila asubuhi naigeuza, maana hulifuata jua
shingo upande, kama waumini wakimtazama aliyechelewa.
Carman asema sitini ni mingi kwa watu wawili.
Mwaka jana alisema hivyo hivyo, huku akila.

Namfumia glovu ya mkono wa kulia.
Vidole vitatu tu. Viwili aliviacha
kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao, ng'ambo ya mto LaHave,
mwaka tuliooana.
Majira arobaini na moja ya baridi, glovu arobaini na moja,
na hakuna kitabu cha mishono chenye mfano wake.
Nahesabu kwa midomo, kisha nafunga uzi
pale ambapo wengine huendelea.

Safari hii nimechelewa. Paa limeanza kudondosha maji.
Nimechelewa kwa sababu ya mfarishi.

Tuliushona wanawake sita, tangu Oktoba,
chini ya kanisa, magoti yakigusana chini ya fremu:
mashati ya Carman, pazia la jikoni la mama,
gauni ambalo Myrna Veinot alikataa kutuambia alilivaa wapi.
Katikati, kwa uzi mwekundu, majina mawili,
Brenna na Wade.
Harusi ilikuwa iwe Juni.

Februari, mjukuu wangu akapiga simu. Hakulia.
Alisema alirudi kutoka kazini mapema,
akakuta viatu mlangoni.
"Viatu gani?" nikauliza, mjinga mimi.

Tazama neno lilivyo dogo: fuma.
Livute kidogo, fumua.
Livute tena, fumania.
Uzi ni uleule.

Nikakaa na mkasi wa kucha. Herufi nne;
nilidhani ni kazi ya robo saa.
Uzi ulitoka, matundu yakabaki.
Nikanyunyiza maji, nikapiga pasi, nikakwaruza kwa ukucha.
Ukiuinua mbele ya taa, bado unalisoma jina lake
kwa nukta za mwanga.
Myrna akasema, shonea ua juu yake.
Nikasema nitaona.
Nikautia kabatini, nikarudi kwenye kidole gumba.

Glovu ilikwisha siku ambayo Carman alivua koti.
Aliivaa hata hivyo. Jasho likimtoka,
akachimba mtaro wa njegere katika tope jeusi,
mkono mmoja ukiwa bado Januari,
na mimi nyuma yake nikidondosha mbegu.

Mei nikafanya haraka, nikaipeleka nje miche yote.
Saa tatu usiku redio ikatangaza jalidi.
Magunia yaliishia kwenye njegere, mashuka kwenye saladi.
Nikaingia kabatini.
Carman alinitazama. Sikumpa nafasi ya kusema.
Tuliutandaza wawili, kama watu wanaotandika kitanda cha mgeni,
tofali kila pembe.

Asubuhi ulikuwa mgumu kama biskuti, mweupe wote.
Tulipouinua, hewa ya uvuguvugu ikatupiga usoni.
Nilihesabu: hamsini na nane.

Jumapili Brenna akaukuta kwenye kamba, na matope yake.
Jua lilikuwa upande wa pili.
Alisimama karibu, akatazama kupitia kitambaa,
muda mrefu kuliko nilivyotaka.
"Huu ni wangu?"
"Ni wako."
"Basi usiufue sana."

Akaondoka nao, na miche sita
kwenye kiti cha mbele,
ameifunga mkanda.