Parafujo ya Kinyume

Saa nne. Umeme umekatika tangu alfajiri,
drili ya betri ndiyo tegemeo langu.
Naibonyeza. Inalia.
Mwili unazunguka, kinywa kinazunguka,
biti imesimama palepale kwenye mfenesi
kama mgeni aliyekaribishwa ndani akang'ang'ania kizingitini.

Bwana Ngwali amekalia mbao zangu.
Mara ya tatu hii anakuja kuulizia kabati la mwanawe.
Mara ya kwanza aliniuliza fundi yuko wapi,
na mimi nimeshika randa.
Harusi Ijumaa, leo Jumanne.
Hasemi kitu. Anahesabu matundu ambayo hayapo.

"Kumbe mashine nayo huchoka, Mize?"
Haijachoka, namwambia. Imeacha kushika.
(Kuchoka nakujua. Kuchoka si huku.)

Nakikaza kinywa kwa mkono
mpaka alama zake zinabaki kiganjani.
Meno matatu: mawili yamekutana,
la tatu limebaki nyuma, linajivuta
kama mtoto siku ya kwanza ya skuli.

"Nani katia mafuta humu?"
Zahran anatazama bati.
"Zahran."
"Kidogo tu. Ya nazi. Yalibaki kwenye chupa ya mama."
Lo! Mafuta ya nazi na unga wa mfenesi,
hiyo si dawa, yakhe, huo ni uji!
Miezi miwili nzima tunailisha drili uji,
umegandia kwenye fizi, umekuwa gundi.

Basi mafuta ya taa, na mswaki mkuukuu,
na tone moja, moja, la mafuta ya cherehani.
Jino la tatu likaja. Likawasalimu wenzake.
Nikabonyeza:
biti ikachora duara hewani, pana kama shilingi.
"Tundu litakuwa kubwa," akasema Bwana Ngwali.
Litakuwa kubwa. Sikumficha.

Ukutani inaning'inia keekee ya baba, uta hauna kamba.
Ile haikuwa na kinywa cha kulegea.
Baba alitoboa moja nami natoboa ishirini,
lakini sikumsikia hata siku akilaumu chombo chake.
Uongo. Alilaumu. Alikilaumu chombo,
akaulaumu mti, na mvua, na mjomba Pandu wa Jadida.

Chini ya meza kuna drili ya njano.
Betri yake ilikufa mwaka juzi,
nimeitafuta Wete yote, nikateremka Chake, haipo.
Lakini kinywa chake kizima. Kinauma kama kaa.

"Zahran, njoo. Lete jicho lako.
Fungua meno hadi mwisho, chungulia.
Ile parafujo kule chini, unaiona?
Usiifungue unavyofungua nyingine.
Ukiifungua, unaikaza.
Kaza, itafunguka."
"Nani kaiweka hivi?"
"Mtu aliyejua kwamba drili ikirudi kinyumenyume
hutaka kutema kinywa chake."

Parafujo ikatoka, nyekundu kwa kutu.
"Sasa bana ufunguo wa pembe sita kwenye meno,
gonga na nyundo. Mara moja. Kwa moyo.
Si kwa hasira. Hasira huvunja ufunguo:
ninazo mbili zilizovunjika, na tarehe zake nazikumbuka."

Akagonga. Hakuna.
Akagonga. Bwana Ngwali akasimama bila kujua amesimama.
Mara ya tatu kinywa kikaachia shingo,
chepesi, kama hakijawahi kugoma.

Kinywa cha njano, mwili wa kijani.
Hesi zikakubaliana, nami nikapumua.
Sura yake, wallahi, kichekesho:
kuku aliyevaa kofia ya bata.

Nikaweka biti juu ya alama ya penseli.
Haikuyumba.
Mfenesi ukatoa utepe wake wa manjano,
ukajikunja, ukaanguka juu ya kiatu cha Bwana Ngwali,
naye hakuukung'uta.

"Moja," akasema.

Taa ya betri ikakonyeza nyekundu.
Yamebaki thelathini na tisa,
na umeme bado.