Peni Zenye Tundu

Baba hakuweka pesa. Aliweka shaba.
Hilo alilisema kidole kikiwa juu
kwa yeyote aliyemwita bahili pale stesheni ya Butere,
alikobeba mizigo ya watu
mpaka treni ikaacha kuja, na kila mtu akajibebea wake.

Peni za mkoloni, zile za tundu katikati,
pembe mbili za ndovu zikilizingira tundu,
taji juu, jina la mfalme, uso hakuna.
"Uso ungekaa wapi," aliuliza,
"na hapo ndipo pa kupitisha waya?"
Mia moja kwa waya mmoja. Karibu kilo.
Nyaya ishirini na mbili chini ya kitanda,
zimelala ubavu kama kambare wa kukaushwa.

"Ukiitumia ni senti kumi. Ukiiyeyusha ni zaidi.
Serikali ilijipunja yenyewe, mwanangu.
Sisi ni kungoja tu bei ipande."
Bei ilipanda.
Akangoja ipande tena.
Paa la jikoni lilivuja hata tukalipa jina, Yala,
na tulipika tukiwa tumeinua miguu.
Nilifukuzwa shule kwa karo, muhula hadi muhula,
na kila mara nilirudi darasani
na noti zilizokunjwa ndogo kama vidonge vya minyoo.
Mama Rasoa alisema ni za kuku.
Tulikuwa na kuku wanne.
Sikuwahi kufanya hesabu hiyo.

Jumamosi Baba alizitoa,
waya mmoja mmoja, akaulaza kwenye kiganja cha kushoto,
akafumba macho,
akaupandisha, akaushusha,
mpagazi akikisia gunia la mtu mwingine.
Akanyamaza.
Akaurudisha.

Baada ya matanga nilizitia katika magunia mawili ya sukari
nikaenda Kisumu, Kibuye,
kwa Nyakwaka mnunuzi wa vyuma.
Alikuwa na sumaku ya spika ya kanisa, amening'iniza kwa uzi.
Akaipitisha juu ya waya wa kwanza: kimya.
Wa pili: kimya.
Wa tatu ukamrukia,
mlio kama wa mlango wa selo.

"Hizi washa," alisema. "Za mkokoteni.
Zimepakwa rangi ya viatu."
Peni tatu mbele, peni tatu nyuma,
na katikati chuma kitupu, kimevalishwa heshima.
Nyaya kumi na nne kati ya ishirini na mbili.

Nilikaa juu ya injini ya posho iliyokufa nikahesabu.
Miaka minne ya sekondari ni mihula kumi na miwili.
Mbili zilizozidi sijui;
labda sanduku la bati, labda ile wiki Mama aliyolazwa.
Kilo moja haikutosha karo, najua.
Ilitosha kumfanya mhasibu wa shule
ageuze uso upande wa dirisha.

Nikampigia Mama. Alicheka mpaka akakohoa.
"Za Okwemba hizo, fundi wa baiskeli! Nilimlipa mayai."
Halafu, kwa sauti ya chini,
kana kwamba Baba angali chumba cha pili:
"Nilifunga ncha kwa fundo la kamba ya kuku, haraka haraka,
masikio yangu yakiwa mlangoni.
Mungu alinificha. Hakujua mpaka amekufa."

Nikazigeuza ncha.
Fundo la kuku sikuliona hata moja.
Zote kumi na nne zimesokotwa kwa koleo,
mizunguko mitatu, kuelekea kushoto,
kama alivyofunga magunia ya watu
yasije yakamwagika njiani.

Chuma ni chepesi kuliko shaba. Kidogo tu.
Kiganja cha mpagazi hakihitaji zaidi.

Nyakwaka alizipima zile nane, akalipa, akapiga mswaki meno kwa kijiti.
"Na hizi washa? Zina bei yake, ndogo.
Ama utazifanyia nini?"

Nilikuwa tayari nimezipakia mgongoni,
waya juu ya waya, zikinikata bega.
Nikamwambia nangoja bei ipande.