Mashahidi wa Kigae

Karatasi ya kadasta, iliyogeuka rangi ya chai,
ilisema jiwe la tatu liko mita thelathini na nane
kutoka ukingo wa kisima, kusini kidogo ya mashariki.
Kisima kimefukiwa. Kusini bado ipo.

Tukaanza na kilichopo, kule Funu,
mahali nyumba zinapopandiana mabegani
kama watoto wanaochungulia arusi.
Mugisho na sururu, mimi na utepe na dira,
Mama Nsimire kwenye kiti cha plastiki, juu, upande wake,
na Zihindula, chini, upande wake, mikono mgongoni,
hasemi,
anapima kila pigo la sururu kwa macho.

Si kila jiwe ni jiwe.
La kwanza lilikuwa la kufulia,
mgongo umelainishwa na sabuni na vifundo vya vidole.
La pili lilikuwa limeegemea mlango wa choo.
La tatu, Zihindula akaruka: "Ndilo! Baba alinionyesha!"
Nikalipindua. Jongoo, na kifuniko cha bia
kilichokuwa bado kinang'aa.

Jiwe la mpaka husomwa kwa kidole kabla ya jicho.
Unakilowesha mate, unakipitisha utosini mwake taratibu,
unatafuta kovu la patasi, msalaba usiozidi kucha mbili.
Mvua nayo huchonga,
lakini mvua haijui pembe mraba.

Tulilipata saa nane, kina cha mkono mzima,
chini ya mizizi ya sombe. Kidole kikasema: msalaba.

Mama Nsimire alikwisha simama.
Nikamwambia, ngoja.
Kahasha, aliyenifundisha kazi hii kwa matusi zaidi ya maneno,
alikuwa akisema: jiwe hubebwa usiku
na wanaume wawili na gunia.
Usiliulize jiwe, mpumbavu wewe.
Waulize walio chini yake.

Chini yake kulikuwa na makaa, konzi moja,
meusi kama siku yalipozikwa, maana makaa hayaozi.
Na katikati ya makaa, vipande vitatu vya kigae.
Nikavipangusa kwa shati.
Nikaviunganisha kiganjani: ufa kwa ufa, jino kwa jino,
vikashikana kama ndugu waliokutana msibani,
bila salamu.

Hapo kigelegele kikapanda hadi barabarani.
Zihindula akatazama viatu vyake.

Nami nikanyoosha utepe.

Kutoka jiwe la kwanza. Kutoka jiwe la pili.
Nikarudia. Mugisho akarudia, akanitazama.
Mita nne na ushei chini ya pale karatasi ilipoagiza.
Jiwe la kweli. Mashahidi wa kweli.
Hapakuwa na gunia, hapakuwa na wanaume wawili.
Mlima wenyewe ulishuka nalo,
mvua baada ya mvua, na udongo wake na makaa yake,
vigae vimelala kwa mpango uleule,
kama mtoto anayehamishwa kitanda
asiamke.

Sasa niambieni, enyi mlioandika sheria mahali tambarare:
parsele ni udongo, au ni mahali?
Udongo ambao Nsimire aliuzikia kitovu cha mwanawe
leo uko chini ya ndizi za Zihindula.
Na mahali pake, kwa hesabu ya karatasi,
sehemu kubwa ni korongo.

Fomu ina visanduku viwili tu:
limepatikana, halikupatikana.
Kalamu ikakauka mkononi.

Nikarudisha vigae walivyolala, makaa juu yake.
Zihindula akaingia jikoni kwake,
akatoka na konzi ya makaa mapya.
"Ongeza," akasema. "Ya zamani yamepungua."
Sijui alikuwa akikubali, au akitia saini yake
mahali ambapo hakualikwa.
Mama Nsimire hakusema kitu.
Sikuyafukia. Sikuyatupa.
Niliteremka Kadutu nayo mfukoni,
na usiku, nilipofungua fomu,
kila kisanduku nilichogusa
kilibaki na alama ya kidole changu, nyeusi.