Siku Kumi

Jumatatu jino la Pazi liling'oka.
Tukalirusha juu ya bati, Tandika nzima ikamsikia,
na tangu hapo samaki kwake ni thamaki.

Jumanne, namnyonyesha Chausiku,
kidole kikagota kokwa
kama punje ya kunde, ziwa la kushoto.
Sikumwambia mtu. Nikachambua mchele,
nikatafuta chuya hata pasipo na chuya.

Temeke, daktari kijana, mikono ya baridi:
"Tunachukua kinyama kidogo. Majibu siku kumi."

Siku kumi nimeshona vifungo vya sare
ambavyo havijakatika.
Nani atajua Pazi halali mpaka taa ya koridoni iwake?
Nani atajua huyu mdogo
hubembelezwa kwa kusuguliwa nyayo, si mgongo?
Baba yao akauliza mbona chai haina sukari.
Nikasema imekwisha. Ilikuwepo.

Siku ya tisa Chausiku, dede kwenye ndoo,
akaiachia.
Moja. Mbili. Akaketi kwenye maji ya kufulia,
akajipigia makofi.
Nikalia, mama Shomvi akacheka:
"Furaha hiyo, shoga!"

Leo karatasi.
"Si kitu kibaya, mama. Nenda nyumbani."
Nikapita sokoni kwanza.
Nikanunua thamaki.