Ukiinuka Nitakusahau

Maktaba yetu ya Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
ina kompyuta tatu na kiti kimoja kizima.
Mama mmoja wa Mikanjuni (jina lake sitalitaja,
hata hapa) aliegesha baiskeli, akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena,
akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja:
uvimbe titini hauumi ni nini.
Alisoma hadi adhana ya adhuhuri.
Akaondoka bila kuaga.

Akakaa Mbelwa, wa darasa la saba,
anatafuta ramani ya mito.
Kabla ya Pangani, kabla ya Ruvu, skrini ikamletea
dawa za matiti, mizizi ya matiti, mafuta ya matiti,
punguzo mwisho Ijumaa.
Mtoto akacheka mpaka akashika mbavu.
"Dada, mashine yako ina wazimu!"
Haikuwa na wazimu.
Ilikuwa na kumbukumbu.

"Kivinjari ni kivinjari," alisema fundi Semkiwa,
"weka hiki, kila mtu anakijua."
Kweli, kila mtu anakijua.
Nacho kinamjua kila mtu.
Nikakesha siku mbili kwa bando langu mwenyewe,
nikivionja kama mchele kabla ya kununua gunia:
hiki chepesi, ila kinanong'ona kwa mwenyewe;
hiki kinaapa hakisemi, kisha masharti, ukurasa wa tisa,
yanakula kiapo;
hiki hakina haraka, kinawafungia mlango wafuatiliaji,
na ukikizima kinafuta nyayo
kama ufagio wa alfajiri uani.
Nikachukua hicho.

Kwenye kamati mhasibu Shekilindi akauliza,
"Asiye na la kuficha anaogopa nini?"
Nikamwambia: choo cha maktaba kina komeo.
Miaka sita sasa, hakuna aliyeniuliza
mle ndani watu wanaficha nini.
Katibu akakohoa. Kura nne kwa tatu.
Hoja iliyofuata: rangi ya madirisha.

Sikuwa nimewaambia hasara yake.
Jumatatu umeme ulikatika, sekunde tatu tu,
na Mwanamkasi, aliyejaza fomu ya chuo tangu saa mbili,
akabaki anatazama kioo cheusi.
Mashine ikaamka haimjui.
"Siri zako zimekula mwaka wangu!" alinifokea,
machozi yakidondokea vyeti.
Tukaanza upya, jina la kwanza, jina la kati,
jina la ukoo, mpaka mlinzi akaja na funguo.
Kesho yake nilikata boksi la sabuni,
nikaandika kwa kalamu ya wino mzito:
UKIINUKA NITAKUSAHAU. HIFADHI CHAKO.

Mvua za vuli zilipoanza, yule mama alirudi.
Alisoma kibao mara mbili, midomo ikitembea.
"Kweli itanisahau?"
"Kweli."
"Na wewe?"
Nikainamia daftari la vitabu vilivyochelewa.

Aliandika kwa kidole kile kile, muda mrefu.
Alipotoka nilikwenda kukaa pale pale.
Kiti bado kina joto. Kipanya kina unyevu wa kiganja.
Nilitaka kujua, Mungu ndiye shahidi,
kama ni heri au ni shari, kama kuna wa kumsindikiza Bombo,
kama nimpikie uji.
Ukurasa ulikuwa mweupe,
kile kijistari kikipepesa, kikipepesa,
kikiniuliza mimi natafuta nini.