Nukta Kumi na Moja

Kwa muda wa saa kumi na moja setilaiti ilikaza shingo
ikitazama mahali pamoja, pasipo na kitu,
na asubuhi ikatuletea nukta kumi na nne.
Kumi na nne tu. Mtoto wa chekechea
angezimaliza kwa vidole vyake na vinne vya jirani.

Wiebke anamimina chai kwa mtindo wa kwao, Friesland ya Mashariki:
bonge la sukari kwanza, lipasuke kwa moto,
ndipo tone la maziwa, wala hakorogi.
Nje, Tübingen imejifunika theluji,
mto Neckar umeganda kingoni tu,
na kipasha joto cha ofisi kinagonga bomba kama mdai.

"Halili, halilali, halilii,"
anasema la shimo letu.

Lakini linakula. Lina uzito wa majua saba
na mwenzake ni kinyota cha rangi ya chungwa
kinacholizunguka kila baada ya saa nane
kikivuja gesi, kidogo, kidogo mno.
Mwaka niliozaliwa lililipuka kwa ulafi,
miezi mitatu hakuna kilichong'aa mbele yake.
Kisha likafumba kinywa.
Kamati ilituuliza, kwa barua ya mistari mitatu,
kwa nini tupewe usiku mzima kwa shimo lisilokula.
Mla ni mla leo; mla jana kala nini?

Sikujua kujibu kwa mistari mitatu.
Ningesema: shimo lenyewe halina sauti,
kinacholia ni chakula.
Gesi ikikaribia ukingo huchemka, hupiga ukelele wa eksirei,
na ukelele huo ndio huu,
nukta, nukta, na baina yake weusi wa dakika arobaini.
Haba na haba, naam,
ila kibaba chetu hakijafunikwa hata kitako.

Kazi yangu ni kupunguza.
Moja ilikuwa doa bovu la kamera: nikaifuta.
Moja ilikuwa chembe iliyorushwa na jua letu
ikajipenyeza karamuni bila mwaliko: nikaifuta.
Zikabaki kumi na mbili.

Ya kumi na mbili iliangukia juu ya uzi.
Si ndani ya duara, si nje, juu ya uzi wenyewe.
Kanuni tuliiandika Novemba, kabla ya kuona chochote,
ili tamaa isituandikie baadaye:
isiyokuwa ndani, haimo.
Wiebke aliacha kunywa.
"Miaka elfu nane njiani," akasema,
"halafu inakosea mlango kwa upana wa unywele."
"Au ni ya kupita tu," nikasema.
"Au ni ya kupita tu."

Niliifuta kwa kidole cha mwisho, kile kisicho na kazi.
Lakini saa yake niliinakili nyuma ya risiti:
saa nane usiku, dakika arobaini na saba,
sekunde kumi na sita.

Nikashuka kilima kununua mkate.
Bibi Häfele wa tanuri, unga hadi viwikoni,
akauliza kama kawaida yake: "Leo mmepata nini huko juu?"
"Kumi na moja," nikamwambia.
Akadhani ni oda.
Akanihesabia vimkate kumi na moja, vya moto,
akanitazama usoni,
akatia na kimoja juu.